"Maji Yako Safi, Dada." Kapima Nani, Kapima Nini?

Makamanda, likizo iliyopita nilikuwa kwa bibi, mkoani Geita. Kisima anachotegemea kipo bondeni, chini kidogo ya mwalo wa kuchenjulia dhahabu. Nikaenda ofisi moja kuuliza kama maji yale yamepimwa. "Yameshapimwa, dada, yako safi." Yamepimwa nini? Kimya.

Mimi naulizia aseniki. Ni sumu iliyomo ndani ya miamba mingi yenye dhahabu ya Kanda ya Ziwa. Mwamba ukisagwa na mabaki yakarundikwa nje, mvua inaweza kuishusha kwenye maji. Haina rangi, harufu wala ladha. Na nyie mnaosema "si achemshe tu": moto unaua vijidudu, aseniki haifi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki sufuriani. Vidonge vya kutibu maji navyo haviiondoi. Mtu anakunywa miaka na miaka, viganja na nyayo vinakuwa vigumu na kuota vinundu, baadaye inaweza kuja saratani ya ngozi, mapafu au kibofu. Hapo nani atakumbuka kisima?

Kuna kesi ya Bangladesh huwa hainitoki kichwani. Mwaka 1992 wanajiolojia wa Uingereza walipima maji ya visima kule, aseniki hawakuigusa. Watu wakaendelea kunywa. Mwanakijiji aliyeugua akawashtaki, na mwaka 2006 majaji wa juu kabisa London wakasema wale hawakuwa na wajibu kwake kisheria. Iliniuma, ingawa hoja yao naielewa: walikuwa watafiti tu, hawakukabidhiwa maji ya Bangladesh.

Wa kwetu wamekabidhiwa. Kila bajeti tunasomewa visima vilivyochimbwa. Kilichomo ndani hatusomewi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama, na kifungu cha 5 kinamfungulia mlango wa mahakama. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inataka raia ajibiwe ndani ya siku 30. Kwa hiyo tusiulize tena kama maji ni safi. Tuulize aseniki ni ngapi, maana kiwango cha WHO ni mikrogramu 10 kwa lita.

Barua ya bibi nimeandika mimi, dole gumba kaweka mwenyewe. Siku ya 12 leo. Mwenye kisima karibu na mwalo aje inbox, nakala ninayo.