Kutangazwa si Kushinda

Ukitafuta orodha ya waliowahi kuiwakilisha South Carolina katika Bunge la Wawakilishi la Marekani, utamkuta Robert Smalls, na utaambiwa kwamba mwaka 1886 alishindwa na William Elliott. Basi, imetoka hiyo. Alishindwa, kama timu iliyofungwa bao mbili kwa moja mchana kweupe, refa akiona na mashabiki wakiona. Mimi nasema neno hilo linaficha wizi, na kila anayelirudia bila kueleza anawasaidia wezi kufuta nyayo zao.

Smalls ni nani? Alizaliwa mtumwa mjini Beaufort mwaka 1839. Alfajiri ya 13 Mei 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, aliitoa meli iitwayo Planter katika bandari ya Charleston, familia yake ikiwa ndani, akapita mbele ya ngome za mabwana na kuikabidhi kwa jeshi la majini la upande wa Kaskazini. Vita vilipokwisha na wanaume Weusi wakapata haki ya kupiga kura, alichaguliwa mwaka 1874 kwenda Washington kwa tikiti ya Republican, chama cha Abraham Lincoln.

Kilichowanyima usingizi Democrat wa huko ni hesabu. Kwenye sensa ya 1880, watu sita kati ya kila kumi South Carolina walikuwa Weusi. Sasa chama kilichojitangaza kuwa cha Wazungu kingeshindaje? Kwa kura halali, hakingeshinda. Hapo ndipo ujanja ulipohitajika.

Mwanzoni walitumia bunduki. Julai 1876, katika kijiji cha Hamburg, wanamgambo Weusi waliuawa, baadhi yao wakiwa wameshakamatwa. Wapanda farasi waliovaa mashati mekundu wakavamia mikutano ya Republican. Lakini bunduki ina kelele, na kelele hufika Washington. Karatasi haina kelele.

Enzi hizo serikali haikuchapisha karatasi za kura. Kila chama kilichapa zake. Katika uchaguzi wa 1878, Democrat walileta kura nyembamba mithili ya ganda la kitunguu. Mtu mmoja aliweza kukunja kadhaa ndani ya moja, akatumbukiza, nazo zikatawanyika ndani ya sanduku. Wakati wa kuhesabu, kura zikawa nyingi kuliko watu. Na utaratibu ulisema nini? Ati mmoja wa wasimamizi afungwe kitambaa machoni, aingize mkono, atoe zilizozidi ziharibiwe. Wee! Macho yamefungwa, sawa, lakini vidole je? Vidole vinajua nyembamba na nene. Nene zilitoka, nyembamba zikabaki. Mwaka huo Smalls "akashindwa" na George Tillman.

Mwaka 1882 wakaufanya ujanja huo sheria kamili. Kila aina ya cheo ikapewa sanduku lake, jumla manane, na karatasi iliyoingia sanduku lisilo lake ikawa takataka. Msomaji wa Kenya atasema: mbona hata sisi tunapiga kura sita kwenye masanduku sita? Ndiyo, lakini yetu yana vifuniko vya rangi, ili nyanya yako asiyejua kusoma aoanishe karatasi ya kijani na kifuniko cha kijani. Yale ya South Carolina yalitambulishwa kwa maandishi, na yaliweza kuhamishwahamishwa ili aliyeelekezwa "weka la tatu kutoka kushoto" apotee. Msimamizi aliruhusiwa kukusomea ukimwomba. Msimamizi wa chama gani? Na hilo nalo unauliza?

Sheria hiyo hiyo ilitaka watu wajiandikishe upya, na aliyehama makazi akatafute cheti kingine. Ni nani aliyekuwa akihamahama? Kibarua wa shamba la pamba, asiye na ardhi yake. Angalia sasa werevu wa kishetani: hakuna mahali palipoandikwa kwamba Mtu Mweusi asipige kura. Palipoandikwa ni cheti, makazi, sanduku, maandishi.

Nimewahi kusikia watu wazima, tena wasomi, wakisema: si wangejifunza tu kusoma? Hapo ndipo damu inanichemka. Mwaka 1740, ikiwa bado koloni, South Carolina ilipiga marufuku kumfundisha mtumwa kuandika. Mwaka 1834 ikaongeza, hata kusoma asifundishwe. Yaani unamfunga mtu macho vizazi na vizazi, halafu unamwekea maandishi mbele yake na kumcheka kwamba ni kipofu. Ujinga ule haukuwa wa mpiga kura. Ulitengenezwa na jimbo, kisha jimbo likautumia kama ushahidi dhidi yake.

Mipaka nayo ikachorwa upya. Wapiga kura Weusi wakarundikwa katika eneo moja, la 7, lililoshika Beaufort na Georgetown kule pwani, kisha likanyoosha vidole kuokota vipande vya kaunti za bara. Lengo lilikuwa kuwaachia kiti kimoja na kuwanyang'anya maeneo sita yaliyosalia. Na hicho kimoja chenyewe hawakukiacha: mwaka 1886, katika eneo hilo hilo lililojaa watu wake, Smalls akatangazwa ameshindwa. Alipinga matokeo, lakini Bunge lililokuwa mikononi mwa Democrat likamkatalia.

Utaniambia, lakini kulikuwa na njia ya rufaa. Ilikuwepo, na hebu tuone iliwapa nini. Uchaguzi wa 1880 Smalls aliuomba haki Bungeni. Akaapishwa Julai 1882, miezi kumi na sita ya muhula wa miaka miwili ikiwa imeliwa. Thomas Miller aligombea Novemba 1888. Alikalia kiti chake Septemba 1890, ukiwa umesalia chini ya nusu mwaka. George Murray aligombea 1894. Alipewa haki yake Juni 1896. Mwizi anakaa kwenye kiti, analipwa mshahara, anapiga kura kwa niaba ya watu waliomkataa, kisha mwenye kiti anaitwa kuja kuzima taa. Mwaka 1890 ulipita Bunge la Wawakilishi mswada wa kuzipa mamlaka za shirikisho uwezo wa kusimamia chaguzi hizi. Ukafia kwenye Seneti. Kwa hiyo tusiwabebeshe watu wa Kusini peke yao mzigo huu.

Wengine huja na hoja ya ufisadi. Ati serikali za Republican baada ya vita zilikuwa za wezi, na Smalls mwenyewe mwaka 1877 alipatikana na hatia ya kupokea rushwa ya dola 5,000, kisha akasamehewa na gavana. Hukumu hiyo ipo, siifichi. Lakini tangu lini dawa ya mwanasiasa mwizi ikawa kumnyang'anya mkulima wa pamba kura yake? Ukimshuku mbunge, mtoe kwa kura. Hawa waliitoa kura yenyewe.

Mwaka 1895 wakaona hata masanduku manane ni usumbufu. Ben Tillman, mdogo wake yule George, akaongoza uandishi wa katiba mpya ya jimbo. Wajumbe Weusi walikuwa 6 tu, Smalls na Miller wakiwemo. Katiba ikadai kodi ya kichwa, ukaazi wa miaka miwili, na ujuzi wa kusoma na kuandika au mali ya dola 300. Wazungu wasiojua kusoma wakafunguliwa mlango wa uani: hadi mwisho wa 1897, mtu aliweza kuandikishwa akisomewa kifungu cha katiba na kukieleza, na wa kuamua kama ameeleza vyema ni karani. Wananchi hawakuulizwa kama wanaitaka. Haikupelekwa kwenye kura yao. Smalls alikataa kuisaini. Miaka mitano baadaye Tillman alisimama mbele ya Seneti na kujigamba waziwazi kwamba walijaza masanduku na kuwapiga watu risasi. Hakuona haya hata kidogo. Mwizi mwenyewe amekiri, sisi tunamtetea kwa neno "alishinda"!

Murray aliondoka Bungeni Machi 1897. Mtu Mweusi mwingine kutoka South Carolina hakuingia humo hadi Januari 1993, Jim Clyburn. Miaka tisini na sita, kasoro miezi miwili. Kuna watu waliozaliwa, wakazeeka na kufa ndani ya pengo hilo, wakiwa raia, wakilipa kodi, wakipelekwa vitani.

Kwa hiyo anayeandika historia aandike hivi: mwaka 1886 William Elliott alitangazwa mshindi wa eneo la 7. Aliyeshinda hatutamjua kamwe, kwa sababu walihakikisha kwamba hatutamjua. Na Smalls aandikwe kuwa mtu aliyeibiwa.