MBUNGE WA JIMBO, EDI YAKO IKO WAPI?



Kila mwaka, tarehe 30 Machi na tena tarehe 30 Septemba, milango ya Mabunge ya Majimbo yetu inafunguliwa. Wabunge wanafika na makoti ya bei, magari yanajaa mbele ya nyumba, wimbo wa taifa unaimbwa, spika anasoma hotuba ndefu. Kikao cha kwanza kinakwisha tarehe 30 Juni, cha pili tarehe 30 Desemba. Jumla ni miezi sita katika mwaka. Basi sisi tunauliza, na tunauliza kwa sauti ili hata wale wanaosinzia katika viti vya mbele wasikie: katika miezi hiyo sita, mbunge wetu ametunga sheria gani?

Hatuulizi amesema nini. Kusema wanasema, na redio zinarusha. Hatuulizi amezuru wapi, wala amezika nani, wala amegawa mifuko mingapi ya unga siku ya kutafuta kura. Tunauliza juu ya kazi ile moja tuliyomwajiri.

Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 197, inasema wazi: Bunge la Jimbo ndilo linalokata mashauri ya jimbo, linachunguza serikali ya jimbo, na linatunga sheria kwa njia ya edi. Edi maana yake ni sheria ya jimbo. Si tangazo la gavana, si barua ya waziri, si amri ya karani wa kodi. Na kifungu cha 204 kinahesabu mambo 29 ambayo ni ya jimbo peke yake: feza za jimbo, watumishi wa jimbo, mashule ya watoto wetu kwa kufuata kanuni za inchi, biashara ndogo ya mpakani, mipango ya kilimo, na mengine. Mambo 29! Mtu aliyepewa mashamba 29 halafu analia kwamba hana mahali pa kulima, tumwite jina gani?

Tena haki ya kuleta mradi wa edi si ya gavana peke yake. Mbunge mmoja, hata akiwa wa upande wa wachache, hata akiwa mkubwa wa kimila aliyeingizwa bila kura ya raia (maana Katiba inawakubali hao, ila wasipite mmoja kwa kumi), anaweza kuandika mradi na kuuweka mezani. Kalamu haigharimu kitu.

Lakini kazi inayopendwa ni nyingine. Inaitwa mosio, ile karatasi ya kumwondoa gavana ama waziri wake.

Mosio ni haki ya Bunge, hatukatai. Gavana mwizi aondoke, hata leo jioni. Lakini tumeona mara nyingi namna mosio inavyozaliwa na namna inavyokufa: asubuhi majina yanatiwa kwa hasira, mchana mjumbe anatembea na bahasha, jioni majina yanafutwa, na kesho yake tunaambiwa ati hekima imeshinda. Hekima hiyo ilipimwa kwa mzani gani? Wale walioamka simba wakalala paka, walilishwa nini katikati ya mchana?

Ugonjwa huu si wa jana. Kwa kuwa wabunge wa jimbo ndio wanaomchagua gavana, na ndio wanaowachagua masineta, kura zao chache zimekuwa mali ya sokoni. Mwaka 2007 katika Bas-Congo, gavana alipokwisha kuchaguliwa, raia walitoka njiani wakisema kura zimenunuliwa, na watu wengi walikufa kwa risasi. Mwezi wa Machi 2019, baada ya uchaguzi wa masineta, kelele za rushwa zilipanda mpaka Rais mwenyewe akasimamisha kuwaketisha. Kisha wakaketi. Na raia wakaambiwa wangoje.

Wako wanaotujibu kwamba mbunge wa jimbo anakaa miezi bila mshahara kutoka Kinshasa, na mtu mwenye njaa hawezi kukataa bahasha. Ni kweli kwamba malipo yao yamechelewa mara nyingi, na si haki. Tunaiandika hapa bila aibu. Lakini mwalimu wa kijiji naye anacheleweshewa, na hatumruhusu kuuza majibu ya mtihani.

Na kuna hatari kubwa kuliko bahasha, nayo wabunge wetu hawaitazami. Mwaka 1960 wazee wetu walipewa kazi kama hii. Sheria ya Msingi ya 19 Mei 1960 ilikabidhi mabunge ya majimbo sita kuchagua serikali zao na masineta 14 kwa kila jimbo. Zikafuata fitina, na vita, na mgawanyo mpaka tukafika majimbo 21. Mobutu, aliyekamata utawala mwezi wa Novemba 1965, hakuhitaji kutafuta sababu mbali. Alisema wanasiasa wanagombana tu. Mwaka 1966 akaanza kuyapunguza majimbo, na mabunge yake yakang'olewa meno. Nani aliyempa koleo? Wanasiasa wenyewe.

Leo koleo liko tena mezani. Badiliko la Katiba la 20 Januari 2011 limempa Rais wa Jamhuri uwezo wa kulivunja Bunge la Jimbo, na kumwondoa gavana, pakiwa na msukosuko wa siasa unaoendelea na kuzuia kazi za jimbo. Someni vizuri maneno hayo, waheshimiwa. Kila mara mnapogawanyika makundi mawili, hawa wa gavana na hawa wa spika, mkafungiana milango na kuitiana polisi, mnawaandikia wakubwa wa Kinshasa barua ya kuwaalika. Kifungu cha 220 kinakataza hata kubadili Katiba kwa shabaha ya kupunguza uwezo wa majimbo. Lakini Katiba haiwezi kumlinda mtu anayejipunguza mwenyewe.

Sasa tuje kwenye feza, maana hapo ndipo udhuru wao mkubwa unapolala.

Wanasema: tufanye nini, Kinshasa haitupi sehemu yetu! Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, tena yakatwe palepale yanapopatikana. Neno hilo halijatimizwa kama lilivyoandikwa, na sisi hatutaacha kulidai. Lakini tangu tarehe 9 Machi 2018 udhuru huu umekatwa mguu mmoja, kwa majimbo yenye madini hasa, kama Haut-Katanga na Lualaba. Sheria mpya ya madini imegawanya malipo ambayo kampuni hutoa kwa kila madini inayouzwa: asilimia 50 inakwenda serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji ama usultani ambamo shimo limechimbwa, na 10 katika mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Na sehemu ya jimbo haipiti Kinshasa. Inalipwa katika akaunti ya jimbo lenyewe.

Tuhesabu pamoja, kwa kuwa hesabu si siri ya wakubwa. Shaba ya dola 1.000.000 inapouzwa, malipo ni asilimia 3,5, yaani dola 35.000. Hapo jimbo linapata dola 8.750, na usultani ule dola 5.250. Kobalti iliwekwa mwezi wa Novemba 2018 katika madini ya pekee, na malipo yake ni asilimia 10: kwa dola 1.000.000 malipo ni 100.000, jimbo linapata 25.000, usultani 15.000. Sasa msomaji asimame kando ya njia ya Likasi ama ya Kasumbalesa, ahesabu malori yanayopita toka asubuhi mpaka jioni, halafu arudi kwake atazame kama shule ya mtaa wake ina madirisha.

Feza hizo ziliingia siku gani? Zilitoka siku gani? Kwa mkono wa nani? Hapa ndipo tunapotaka edi ya kwanza, nayo haihitaji kurasa mia. Iseme kwamba kila miezi mitatu serikali ya jimbo itabandika katika mlango wa Bunge, katika nyumba ya meya na katika baraza ya kila usultani wenye mgodi, na kusoma redioni, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa: kampuni fulani imelipa hivi, jimbo limepata hivi, limetumia hivi. Iseme pia kwamba bajeti ya mwaka mpya haitapigiwa kura kabla ya hesabu ya mwaka uliopita kusomwa mbele ya wote, mstari kwa mstari. Kikao cha Septemba ni kikao cha bajeti. Mbunge anayeinua mkono kupitisha bajeti bila kuona hesabu ya jana ni kama mke anayempa mume ufunguo wa ghala bila kuuliza mahindi ya juzi yamekwenda wapi. (Wanawake wetu, kwa kweli, hawafanyi hivyo. Labda ndiyo sababu viti vyao katika Mabunge hayo ni vichache.)

Edi ya pili ni ya vizuizi. Mama anatoka shamba na magunia ya makala ama ya mahindi. Kabla hajafika sokoni amekuta kamba njiani, na kijana mwenye kofia anayesema “kodi”. Mbele kidogo kamba nyingine, kofia nyingine. Sokoni analipia kukaa, analipia usafi wa mahali pasiposafishwa, analipia karatasi ambayo haijulikani imetoka ofisi gani. Akiuliza, anaambiwa ni amri ya juu. Juu gani? Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. Na sheria ya tarehe 13 Machi 2018 imeandika orodha ya kodi zote ambazo jimbo, mji na usultani wanaruhusiwa kudai. Kisicho katika orodha ile ni wizi, hata kikiwa na muhuri.

Kazi ya mbunge hapa ni nyepesi. Achukue orodha, atie katika edi vizuizi vichache vinavyokubaliwa na majina ya mahali pake, vingine vyote viondolewe. Bei iandikwe kwa Kiswahili juu ya ubao palepale. Na asiyepewa karatasi yenye namba asilipe hata franga moja. Tunajua kwa nini edi hii haijaletwa. Wako wakubwa ambao kamba ile ya njiani ni shamba lao. Basi walete sababu zao mbele ya Bunge, tuzisikie.

Juu ya njia za mashamba hatutasema mengi, kila mtu anazijua kwa mgongo wake. Ila hili: Haut-Katanga ina udongo na ina mvua, na bado bukari yetu inangoja unga wa Zambia upite Kasumbalesa. Zambia ilipopigwa na ukame mwaka 2024, wao walitazama kwanza vyungu vyao, nao walikuwa na haki. Mipango ya kilimo iko katika yale mambo 29. Sehemu iliyokatwa toka malipo ya madini, iliyoandikwa katika edi kuwa ya njia za mashamba tu na isiguswe kwa safari za mawaziri, ingelisha watu wengi kuliko hotuba zote za miaka mitano.

Wala tusiwasahau ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Tarehe 6 Mei 2021 utawala wa majimbo yao ulitiwa katika mikono ya askari, mabunge yao yakanyamazishwa, na vita haikukoma kwa hilo. Mwezi wa Januari 2025 Goma yenyewe ilikamatwa na M23. Huko mbunge alinyimwa kiti. Wewe unayekaa katika kiti, wenye feni juu ya kichwa, tena uliyechaguliwa tarehe 20 Desemba 2023 kwa mikono iliyosimama juani toka alfajiri, unakitumia kwa kazi gani?

Raia msingoje watu wakubwa wawaulize kwa niaba yenu. Mbunge akirudi mtaani kwenu kwa matanga ama kwa arusi, mkaribisheni, mpeni kiti na maji ya kunywa, kisha mwambieni atoe karatasi ya mradi wake. Akisema mradi uko katika kamati, mwulizeni umeingia kamati siku gani. Akisema gavana amekataa, mwambieni aonyeshe kura ilivyokwenda. Mikutano ya Bunge ni ya wazi. Nendeni mkakae nyuma, msikilize.

Na sisi katika jarida hili, kikao kikikwisha, tutaandika jina la kila mbunge, na mbele ya jina mradi aliouweka mezani. Asiye na mradi tutamwachia nafasi nyeupe. Waheshimiwa wanaotaka kutuletea nakala zao mapema, mlango wetu uko wazi kila siku ya kazi mpaka saa kumi ya jioni.