Paka Hashibi kwa Wali

Wahenga walinena kwamba paka hashibi kwa wali, matilaba yake panya. Darasani methali hii hufafanuliwa kuwa inamhusu mtu asiyeweza kuiacha tabia yake ya asili. Hata hivyo, tukiichukua kwa maana yake ya juujuu, bado ni kweli tupu. Na kwa kuwa siku hizi maduka ya Nairobi yanauza chakula kikavu cha paka kilichoandikwa kwamba hakina nafaka, tena kwa bei ya kumtisha mnunuzi, yafaa tuitazame upya.

Nianze na lugha, maana ndiyo kazi yangu. Neno "bila" hutaja kisichokuwepo, kilichopo halikitaji. Ukiambiwa chai haina sukari, hujajua kama ina maziwa. Vivyo hivyo, mfuko ulioandikwa "bila nafaka" haujatuambia kwamba umejaa nyama. Aghalabu pengo la mahindi au mchele huzibwa kwa viazi, njegere au dengu, navyo vina wanga pia. Isitoshe, tembe za chakula hicho huhitaji wanga ili zishikamane zinapopikwa kiwandani. Mnunuzi amelipia ukanushi akidhani amelipia nyama.

Paka anahitaji nini basi? Yeye ni mla nyama kwa maumbile. Hawezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A kama tufanyavyo sisi, wala mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, kirutubisho kilichomo katika nyama na samaki. Mwaka 1975 watafiti walionyesha kwamba upungufu wa taurini huharibu retina ya paka. Mwaka 1987 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakabainisha kwamba upungufu huohuo hudhoofisha moyo wake. Wengi wa paka hao walikuwa wakila vyakula vya viwandani, na mioyo yao ilipata nafuu walipoongezewa taurini. Tunajifunza hapo kwamba jambo la kuulizia ni kilichomo. Nafaka iliyopikwa vizuri, kwa kiasi, paka huweza kuimeng'enya. Kinachomdhuru ni nafaka kushika nafasi ya nyama.

Na hapo ndipo penye shida katika mitaa yetu. Toka Kongo ya Kawangware hadi Kibera, paka hafugwi kwa pambo. Amewekwa alinde unga, nguo, vitabu vya watoto na watoto wenyewe dhidi ya panya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba panya wa Kibera hubeba bakteria wa leptospira, ambao huwaambukiza binadamu. Lakini mlinzi huyu hupewa ugali uliolowekwa maziwa, au huachwa na njaa kwa imani kwamba njaa ndiyo imfanyayo awinde. Imani hiyo haina msingi. Paka aliyeshiba huwinda pia, maana kuwinda ni silika yake. Mwenye njaa huhama, hudokoa majikoni mwa majirani, au hula panya aliyekufa kwa sumu akafa naye.

Atakuwapo wa kuniuliza: je, si aibu kuzungumzia chakula cha paka mahali ambapo watoto hulala njaa? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba asiye na kitu ndiye asiyemudu kupoteza shilingi kwa neno tupu. Tena ndiye anunuaye kwa kupimiwa kutoka gunia lililofunguliwa, na lebo ikabaki dukani. Yule anayehitaji zaidi kujua kilichomo ndiye anayenyimwa maandishi.

Kwa hiyo, anunuaye na aombe kuonyeshwa gunia. Atazame kama kiungo cha kwanza ni kuku, samaki au nyama. Kama taurini imetajwa. Na kama chakula ni cha paka kweli, kwani cha mbwa hakimfai. Kipimo cha Marekani hutaka protini isiyopungua asilimia 26 ya chakula kikiondolewa maji, kwa paka mzima, na 30 kwa anayekua au kunyonyesha. Wanga hauandikwi mara nyingi, lakini hesabu yake ni ya shule ya msingi: jumlisha protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na maji, kisha utoe katika 100. Mfuko wenye 32, 12, 4, 8 na 10 umebakiza 34. Hiyo ndiyo sehemu ya wanga, iwe ya mahindi au ya njegere. Paka wa kilo nne hutosheka na gramu 60 hivi kwa siku. Basi bei ilinganishwe kwa siku, si kwa ukubwa wa mfuko.

Asiyemudu mfuko wowote asikate tamaa. Omena waliochemshwa bila chumvi, matumbo, moyo wa ng'ombe na ini kidogo humfaa paka kuliko ugali mtupu. Mchuzi wake usimwagwe, maana taurini huyeyukia majini. Chakula hicho pekee hakijakamilika, lakini pamoja na panya anaowakamata mwenyewe, humweka paka kazini.

Walimu wenzangu, lebo ya chakula ni matini kama matini nyingine. Wapeni wanafunzi mfuko mtupu wa chakula cha paka, waitafsiri lebo kwa Kiswahili, wapige hesabu ya wanga, kisha waulize ni neno gani limeandikwa kwa herufi kubwa na ni lipi limefichwa kwa herufi ndogo. Atakayeweza kuisoma lebo ya paka ataisoma pia ya unga, ya dawa na ya mkopo.