Kabla ya Kuuliza Riba ya SACCOS, Uliza Bodi Inadaiwa Kiasi Gani

Ndugu mkulima, leo tuweke kando habari za mbolea na viwavijeshi. Tuzungumze kuhusu akiba yako iliyoko SACCOS, maana ikipotea hiyo, hata mbolea hutanunua.

Miaka michache iliyopita niliwahimiza wakulima wa kata yangu wajiunge na SACCOS moja ya jirani. Niliangalia riba tu, ilikuwa nafuu. Mvua za kupandia zilipokaribia, wanachama walienda kuchukua fedha za mbegu wakaambiwa hakuna kitu. Kumbe sehemu kubwa walikuwa wamekopa wajumbe wa bodi na jamaa zao, na hakuna aliyethubutu kuwadai. Mama mmoja alinifuata shambani akaniuliza, "Bwana shamba, si wewe uliyetuambia tujiunge?" Sikuwa na jibu.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: madeni ya wajumbe wa bodi yasomwe mbele ya wanachama, kila mkutano mkuu wa mwaka, jina kwa jina.

Wengi tukisikia hatari ya mikopo tunafikiria ukame au bei ya mahindi kushuka. Ni kweli, hayo yanaumiza. Lakini ukame unapiga vyama vyote vya eneo moja, na bado kimoja kinasimama kingine kinaanguka. Mara nyingi tofauti iko kwenye bodi. Bodi ndiyo inayosimamia sera ya mikopo, na ndiyo bosi wa meneja. Mjumbe asiporejesha, meneja atamdai vipi mwajiri wake? Na wanachama wakiona mkubwa halipi, nao wanaacha kulipa.

Tupige hesabu. Chama kina wanachama 200, kila mmoja ana akiba ya shilingi 300,000. Jumla ni milioni 60. Wajumbe 7 wa bodi wakikopa milioni 4 kila mmoja, hiyo ni milioni 28. Karibu nusu ya akiba ya watu 200 iko mikononi mwa watu 7.

Wapo watakaosema wajumbe nao ni wanachama, wana haki ya kukopa. Sipingi. Wakope kwa masharti yale yale kama wewe, na mjumbe atoke nje ya kikao mkopo wake unapojadiliwa. Asiyetaka deni lake lijulikane asigombee.

Kwa hiyo, mkutano mkuu ujao uliza haya:

1. Chama kina leseni? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaitaka SACCOS iwe nayo, na msimamizi ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

2. Kila mjumbe wa bodi anadaiwa kiasi gani, na nani amechelewesha marejesho?

3. Kamati ya usimamizi ilikagua vitabu lini? Wajumbe wake wana undugu na wa bodi?

Ukijibiwa kwa ukali, au ukaambiwa hayo ni siri ya ofisi, umeshapata jibu. Nenda kwa afisa ushirika wa halmashauri yako kabla msimu haujafika.

Usiende mkutanoni kwa ajili ya soda na nauli. Fedha ni yako, na bodi umeichagua wewe.