ZILIPENDWA: Gauni la mama vaa, sabuni yake iache (Sehemu ya 6)

Leo tuongee kuhusu zilipendwa. Sio nyimbo tu. Mavazi, nywele na ngozi.

Siku hizi naona kila sherehe ni ya "kizamani". Mtoto anatimiza mwaka mmoja, wazazi wanatangaza mavazi ya miaka ya tisini. Baba kavaa jinzi pana la kulegea, mama kapiga kitopu na nyusi nyembamba kama uzi, bibi naye katolewa kabatini na gauni lake lenye mabega yaliyopanda. Muziki ni Marijani Rajabu, halafu Mlimani Park. Na mimi nimo! Gitaa za Mlimani Park zikianza, miguu yangu haiombi ruhusa. Kwa hiyo asije mtu akasema nesi anachukia raha.

Ila kuna jambo limetokea kliniki, nikaona nisinyamaze.

Alikuja mama mmoja na mtoto wa miezi miwili, chanjo. Mtoto mzuri, uzito safi, ananyonya vizuri. Tumemaliza, mama hanyanyuki. Akatoa simu akanionyesha picha. Msichana wa miaka ya themanini, nywele za kalikiti zinang'aa mafuta, hereni kubwa, gauni la mabega, uso mweupe kama karatasi. "Sista, huyu ni mama yangu. Uzuri wetu wa ukoo ndio huu. Sasa mbona mwanangu kazaliwa mweupe na anazidi kuwa mweusi? Nimpake nini arudi?"

Sijajibu bado, sauti ikatoka kwenye benchi nyuma yake. Bibi wa mtoto alikuwa amekaa pale muda wote, kanga imeshuka mpaka mashavuni. Akaisogeza kidogo. Mashavu yana mabaka meusi ya rangi ya majivu, yameota vipele vidogo vigumu. Akasema, "Mwanangu, mimi sikuzaliwa hivyo. Ile ni sabuni."

Binti alikuwa hajui. Miaka yote hiyo ile picha iko ukutani, na hakuna aliyemwambia.

Ndio maana naandika. Picha ya zamani inatunza sura ya siku ile tu. Yaliyokuja baada ya hapo haiyaonyeshi. Sisi tunaoipenda tunaichukua nzima nzima kama ilivyo: gauni, nywele na ngozi, vyote tunaviita uzuri wa enzi zile.

Mimi nina kipimo changu, nacho ni rahisi. Mtindo wowote wa zamani unaotaka kuurudisha, jiulize: nikirudi nyumbani usiku, hiki kinavuliwa? Bugaluu inavuliwa. Raizoni inavuliwa, hata kama kifundo cha mguu kitalalamika kesho yake. Gauni la mabega linatundikwa. Wigi linawekwa mezani. Lakini kilichoingia kwenye ngozi na damu hukivui. Unalala nacho, na kama una mimba au unanyonyesha, mwanao naye analala nacho.

Wakubwa wetu wanakumbuka Operesheni Vijana. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita dhidi ya vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua, ianze rasmi Januari 1969. Wasichana walisumbuliwa mitaani Dar es Salaam kwa sababu ya urefu wa sketi. Kwa maoni yangu kosa kubwa lilikuwa pale pale: kimini na dawa ya kujichubua viliwekwa kapu moja, kana kwamba vyote ni suala la adabu. Watu wakagombana kuhusu mapaja, mkorogo ukapita pembeni. Jamani, kimini hakijawahi kuua figo ya mtu. Zebaki inaua.

Ndiyo, zebaki. Sabuni nyingi za "kung'arisha" za enzi zile zilikuwa na zebaki. Inazuia ngozi isitengeneze rangi yake, kwa hiyo kweli unakuwa mweupe. Lakini inapenya, inaingia kwenye damu, inaharibu figo na mishipa ya fahamu. Inavuka kondo la nyuma kumfikia mtoto tumboni, na inapita kwenye maziwa. Hata asiyeipaka anaipata: kwenye taulo, kwenye shuka, kwenye mikono ya mama inayombeba. Na hili linaniumiza zaidi: Jumuiya ya Ulaya ilizuia zebaki kwenye vipodozi vya watu wake mwaka 1976, lakini sabuni zenyewe ziliendelea kutengenezwa kule na kuletwa Afrika kwa miaka mingi baadaye. Bibi zetu walifikiri wananunua uzuri wa Ulaya, kumbe ni kitu ambacho Ulaya imekikataa.

Baadaye ikashika kasi haidrokwinoni. Ukiitumia muda mrefu, na jua letu hili, ngozi inakugeuka: badala ya kung'aa inaota yale mabaka ya majivu niliyoyaona kwa bibi. Kuyaondoa ni kazi kubwa, na mara nyingi hayaishi yote. Halafu kuna krimu za steroidi, kama klobetasoli na betamethasoni. Hizi ni dawa halali za magonjwa ya ngozi, kwa kipimo na kwa muda. Watu wakazigeuza losheni, wakazichanganya kwenye mkorogo. Zinafanya ngozi kuwa nyembamba na vidonda vichelewe kupona. Sisi wa wodi ya wazazi tunalijua hili vizuri, mama akija kujifungua kwa upasuaji na ngozi imeshakuwa laini kama karatasi ya sambusa. Ule utani wa "uso Fanta, miguu Coca-Cola" tuliucheka sana. Wodini hauchekeshi.

Hapa Tanzania vipodozi vya zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku miaka mingi. Lakini wewe na mimi tunajua vinapouzwa. Na sasa naona vinarudi na jina jipya la mapenzi: "urembo wa kizamani", "siri ya bibi". Siri ya bibi yupi? Yule niliyekaa naye kliniki siri yake ni kanga ya kufunika mashavu.

Najua utasema, sista, ngozi ni yangu. Sawa, ni yako, na mimi sitakutukana. Wanaowatukana wanawake waliojichubua huwa ndio wale wale waliowaambia weupe ndio uzuri. Mama mkwe kasema, mume kasifia mweupe wa jirani, picha ya harusi imeongezwa mwanga. Shinikizo ni la kweli. Ila mtoto wa miezi miwili hana mume wala mama mkwe. Yeye hajaomba.

Basi turudi kwa mtoto. Mtoto wetu akizaliwa mweupe hajapoteza kitu akianza kukolea. Rangi yake ilikuwa bado inatengenezwa, itajitokeza taratibu wiki na miezi ya mwanzo. Ndio maana bibi zetu wenye busara walikuwa wanaangalia masikio na mizizi ya kucha, wakajua mapema. Hakuna cha kurudisha. Ngozi ya mtoto ni nyororo na inafyonza kuliko yako, kwa hiyo chochote unachompaka kinaingia zaidi. Maji, sabuni isiyo kali, mafuta ya mgando ya kawaida, basi.

Sasa ufanye nini leo?

Soma kopo. Ukikuta zebaki, au neno lolote linaloanza na "mercur", au "calomel", weka chini. Ukikuta onyo kwamba bidhaa isiguse dhahabu, fedha au vito, hiyo ni dalili kubwa ya zebaki. Jiulize, kama inakula pete, mwanangu itamfanya nini? Na kopo lisilo na maandishi kabisa, lile la kuchanganyiwa dukani ukisubiri, hilo ndilo baya zaidi kwa sababu hakuna anayejua kilichomo.

Kama unatumia sasa hivi na una mimba au unanyonyesha, usijifiche na usiache kunyonyesha kwa hofu. Njoo na kopo lako kliniki, tuambie. Kama ni ya steroidi na umeipaka muda mrefu, usikate ghafla peke yako, maana ngozi inaweza kuwaka na kuvimba. Tutakupangia. Na kabla ya upasuaji wowote, mwambie daktari ukweli.

Na kwa kina bibi na mama wakubwa: nyinyi ndio mna kazi kubwa kuliko mimi. Binti yenu anaiangalia picha yenu ukutani kila siku. Mwambieni ilipigwaje. Simulieni foleni ya sabuni, dansi la Jumamosi, gauni lilishonwa na nani, na simulieni na lile kopo. Hamtapungukiwa heshima. Yule bibi alipoongea, binti yake alimshika mkono akalia, halafu akaniuliza swali moja tu: "Kwa hiyo mafuta ya mgando yanatosha?"

Nikamwambia yanatosha.

Gauni la mabega analo bado, anasema atalivaa siku ya mtoto kutimiza mwaka. Nimealikwa. Nitakwenda, na nikisikia Mlimani Park nitacheza.

Sehemu ya 7 tutaongelea nywele za watoto: dawa kali na misuko ya kuvuta. Mtumie dada yako hii, hasa yule anayeuliza kwa nini mtoto anakuwa mweusi.

Nesi wenu.