Vina ni vya kuchezea kwanza, mtihani baadaye

Mchezo wenyewe uko hivi. Mmoja wetu anaficha neno moyoni, kisha anatutajia jingine lenye kina kimoja nalo. Akisema "kalamu", tunajua lililofichwa nalo linaishia na -amu. Lakini hatuna ruhusa ya kulitaja tunalolidhania, lazima tulieleze. Nikidhani ni karamu, nauliza: "Je, ni ile anayoalikwa mtu akala akashiba, asiulizwe bei?" Aliyeficha inampasa anielewe, ajibu: "La, siyo karamu." Akishindwa kujua nimekusudia nini, amefungwa, na anatoa herufi moja ya neno lake. Tunakwenda hivyo mpaka neno lipatikane.

Tunaucheza kwenye WhatsApp, Alhamisi usiku baada ya Isha, wanawake wanne tuliosoma sekondari pamoja hapa Tanga. Mimi sikuhama; nimezalisha kina mama wa mji huu hadi nikastaafu. Mwenzetu mmoja aliolewa Mombasa, mmoja yuko Unguja, wa nne alimfuata mumewe Maskati na wajukuu zake wote wamezaliwa huko. Siku hizi tumemwingiza binti wa dada yangu, aliye chuoni Dodoma, na yeye ndiye anayetuchelewesha kulala.

Naandika habari za mchezo huu gazetini kwa sababu naamini umetuonyesha jambo ambalo shule zetu zimelisahau, na magazeti yetu pia. Mtoto wa Kiswahili siku hizi hukutana na vina akiwa na kalamu nyekundu juu ya kichwa chake. Anapewa shairi la mtu mwingine, anaambiwa abainishe vina vya kati na vya mwisho, ahesabu mizani aone kama mshororo umetimia kumi na sita, nane kwa nane, kisha aandike kama ni tarbia au ni takhmisa. Anapata alama zake, anafunga daftari. Miaka minne ya sekondari inaweza kumpita asiwahi hata mara moja kuhangaika kutafuta kina chake mwenyewe. Namna hiyo tumempa hesabu ya ushairi tukamnyima raha yake, halafu tunashangaa akisema ushairi ni mgumu.

Sharti letu la kwanza lilikuwa la silabi. Katika ushairi wa kimapokeo kina ni silabi moja tu ya mwisho, kwa hiyo "shoka" na "taka" vinakubaliana kwa -ka na mshairi hana kosa. Kwa mchezo hilo halitoshi. Kiswahili kina irabu tano, na karibu kila neno letu linaishia na mojawapo ya hizo. Ukitafuta -ka utaipata kila unapogeuka. Tukakubaliana kina kianzie kwenye irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho, pale mkazo unapoangukia, maana hapo ndipo sikio linaposikia. Basi shoka likaenda na nyoka, taka ikaenda na baraka, sadaka, dhihaka na talaka. Mchezo ukapata ugumu wake.

Sharti la pili lilikuja baada ya mabishano makali, nami ndiye niliyelidai. Nilikataa maneno yanayopata kina kwa kiambishi. Ukiruhusu -ni ya mahali, mtu atakuletea nyumbani, mezani, shambani, njiani, na kote alikopita siku hiyo. Ukiruhusu vitenzi vya kutendana, atakuletea pendana, pigana, kutana na onana, bila kufikiri hata kidogo. Tangu tuvifungie nje, naona wazi kinachonikera ninaposoma mashairi mengi yanayoletwa kwenye kurasa za ushairi au kusomwa redioni. Kina cha -ni kimeshika tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mtunzi hakutafuta neno, kiambishi kimemtafutia. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nayapenda mashairi hayo, na watunzi wake ni watu wenye la kusema.

Wako watakaoniambia kwamba vina vyenyewe ndivyo tatizo. Mjadala huo ni wa zamani. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliandika kanuni zake katika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu cha mwaka 1954, na kwake shairi bila vina na mizani si shairi. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani iliyoachana na vina vya lazima, na malumbano yakawaka. Sina haja ya kuwafufulia wazee ugomvi wao. Kichomi ninacho na ninakisoma. Ila hoja kwamba vina humfunga mtu asiseme anachokifikiri siioni ikitimia kwenye simu yangu kila Alhamisi. Ninachokiona ni wanawake wa makamo wakisakwa na kina hadi kwenye maneno ambayo hawajayatamka tangu bibi zao walipofariki.

Niwape mfano mmoja nilioushuhudia kwa karibu. Zamu ilikuwa ya binti wa dada yangu, kina -amu. Tulikuwa tumemaliza mepesi: damu, hamu, zamu, sanamu, nidhamu, awamu. Wa Unguja alikuwa amemfunga kwa shahamu, mafuta ya mnyama, naye akatoa herufi. Hapo shoga yetu wa Maskati akauliza: "Je, ni ile anayoishika mtu aliyepanda mnyama, akiivuta huku mnyama huenda huku?" Kimya. Tukaona anaandika, anafuta, anaandika tena. Mwisho akaja: "Sijui, mama. Nimefungwa." Akaambiwa, hatamu. Akajibu papo hapo: "Hatamu si ya chama?"

Alikuwa mkweli kabisa. Alifundishwa kwenye somo la historia kwamba miaka ya sabini chama kilishika hatamu za uongozi, akaandika hivyo kwenye mtihani, akafaulu. Hakuna aliyempa ule ukamba wenyewe. Yule wa Maskati anaishi kwenye nchi ambayo ngamia bado wanashindanishwa mbio, hatamu anaziona zikining'inia. Akapiga picha kwenye kibanda cha jirani anayefuga, akaturushia kesho yake asubuhi: kamba ya sufu iliyosukwa, nyekundu na nyeusi, imefungwa kichwani mwa mnyama. Binti akaitazama, akaandika kwamba sasa ameielewa ile sentensi ya historia. Chama kilikuwa kimepanda, nchi ndiyo iliyokuwa ikiongozwa huku na huku. Mwalimu gani asingefurahi kusikia hivyo? Na lililomfikisha hapo ni kina.

Hili ndilo ninalolishikilia. Faida ya mchezo haiko kwenye kulijua neno, iko kwenye kulieleza kwa namna ambayo mwenzako aliye mbali atalifikia. Ukieleza wembe kwa kusema "kitu kikali", hujasaidia mtu. Ukisema "ndicho ninachomfungulia mkunga wa jadi karatasi yake akiwa amenawa mikono, kabla hajakata kitovu", umeeleza, na waliozaliwa mikononi mwa wakunga hao wameshaelewa. Maelezo mazuri hutaka mtu awe ameshakitazama kitu. Kwa miaka yote niliyofanya kazi wodini nimewaona wauguzi wachanga wakishindwa kumweleza daktari hali ya mgonjwa kwa sababu hiyo hiyo: jina la ugonjwa wanalo, walichokiona kitandani hawawezi kukisema.

Kamusi haimsaidii anayetaka kudanganya. Ninayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ya TUKI iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, na imepangwa kama kamusi zote tulizo nazo nyumbani, kwa herufi ya mwanzo. Kina kinakaa mwishoni. Anayetaka maneno ya -embe hana ukurasa wa kufungua. Itambidi apite jikoni, shambani na ugomvini mwenyewe, akusanye embe, jembe, kijembe, pembe, chembe na mzembe kutoka kichwani.

Kisha kuna lahaja, na hapa ndipo tulipokaribia kuvunja urafiki. Nilikuwa nimeficha chato, nimewatajia "mapato". Shoga wa Mombasa akauliza: "Je, ni viwili vya usoni, wewe ukilala navyo vimelala?" Nikamjibu kwamba macho hayana kina cha -ato. Akaniletea ujumbe wa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa juu: "Hayo macho ni yenu. Sisi twasema mato!" Wa Unguja akapinga, akasema tunacheza kwa Kiswahili sanifu. Wa Mombasa akamkumbusha kwamba mkutano uliokichagua Kiunguja kiwe msingi wa hicho Kiswahili sanifu ulifanyika mjini kwao, Mombasa, mwaka 1928, na kwamba wenyeji walipokuwa wakiwakaribisha wageni walikuwa wakiwatazama kwa mato. Tulipiga kura. Mato yakapita, nikatoa herufi yangu, na tangu siku ile neno la lahaja yoyote ni halali alimradi aliyelileta awe analisema nyumbani kwake. Tumepata tungule kwa nyanya na njugu nyasa kwa karanga. Tumepata na mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa mbele ya watoto.

Yule wa Unguja macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo yeye hucheza kwa sauti tupu. Imetufaa. Kwake kadhi na kazi hazina kina kimoja hata kidogo. Dh yake inasikika, z yake inasikika. Binti wa Dodoma alikuwa akiziandika tofauti na kuzitamka sawasawa, na alipozisikia zikitoka kwenye simu mfululizo, radhi, kadhi, kisha nazi, kazi, ndipo sikio lake lilipozitenganisha. Ameacha pia kutuandikia "cjui" na "xaxa" bila mtu kumgombeza, kwa kuwa kina kisichoandikwa vizuri hakionekani.

Mchezo huu si wetu peke yetu. Waingereza wanao tangu zamani, wanauita crambo, na Samuel Pepys aliutaja kwenye shajara yake ya Mei 1660, walipoucheza ndani ya gari la farasi wakiwa safarini Uholanzi. Lakini Mswahili yeyote akiusikia anautambua. Kitendawili! Tega! Kisha maelezo ya kitu bila jina lake, na anayeshindwa anatoa mji. Sisi tumechukua kitendawili tukakifunga kina mkiani.

Na kujibizana kwa vina ndiko kulikoujenga ushairi wetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakuwa akitunga peke yake chumbani. Mashairi mengi aliyatunga akiwajibu watu na kuwachokoza, wa Mvita kwa Mvita, na Mvita kwa Lamu. Mashairi yake yalikaa vichwani mwa watu kwa miongo kadhaa kabla ya Mwalimu Sikujua kumsaidia William Taylor kuyakusanya, na hayakuchapishwa kuwa diwani hadi mwaka 1940. Yangekaaje vichwani muda wote huo bila vina? Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilipokea mashairi ya wasomaji, na msomaji wa mji mmoja akamjibu wa mji mwingine asiyewahi kumwona. Hicho ndicho tunachokifanya sisi kwenye simu, ila jibu letu linafika kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo ninayo maombi, na nayaelekeza kwa watu wawili. Mwalimu wa Kiswahili: kabla hujagawa shairi la kubainisha vina, wape wanafunzi dakika kumi za mchezo huu. Hauhitaji kitabu wala umeme. Anayeficha asimame mbele, darasa liulize kwa maelezo, na maelezo ya hovyo yakataliwe. Watakapofika kwenye shairi watakuwa wameshajua kwa nini mtunzi alihangaika, na watamkamata aliyejisaidia kwa -ni.

Wewe mhariri wa ukurasa wa mashairi, tenga kipande kidogo kila wiki. Taja kina, ficha neno, wasomaji walete maelezo yao, nawe ujibu wiki inayofuata: siyo hili, siyo lile. Ukifungwa, chapisha herufi. Na neno lisikataliwe kwa sababu halimo kwenye kamusi iliyo mezani kwako; uliza kwanza limetoka wapi, na wangapi wanalisema huko.