Mazungumzo ya Jamaa: Kutu Isiyoonekana kwa Macho



Juma hili nataka kuungama kosa langu mbele yenu, kusudi lisirudiwe nyumbani mwenu. Zamani nilikuwa na mwanafunzi wa miaka 17, mwenye bidii kuliko wenzake wengi. Alikuwa wa kwanza katika hesabu, na siku ya Mungu alitumikia altareni. Kisha, katika miezi michache, akabadilika. Alikaa peke yake, usiku hakulala, daftari lake likabaki tupu, tena alijibu maswali ambayo hakuna mtu aliyemwuliza. Mimi nikasema: «Ni uvivu.» Nikampa jembe, akalime shamba la shule. Jamaa yake wakasema: «Amerogwa.» Wakamtuhumu shangazi yake mjane, wakamfukuza nyumbani. Ikapita karibu miaka miwili ndipo kijana akafikishwa kwa daktari. Mimi nilikosa kwa ukali, jamaa walikosa kwa hofu, na walioteseka ni kijana na mjane asiye na hatia.

Je, kijana yule alikuwa na nini? Alikuwa mgonjwa. Kiungo kilichougua ni ubongo, kama vile mwingine auguavyo ini au mapafu.

Ubongo ni sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni, ile hewa ituhuishayo. Nayo hewa hiyo yatupa uzima, lakini pia yala. Tazameni jembe lililoachwa nje kwenye umande: hushika kutu. Ndivyo ilivyo ndani ya chembe za mwili: kazi ya kuteketeza chakula kwa oksijeni hutoa cheche ziwezazo kuziunguza. Mwenyezi Mungu ametuwekea kinga nyingi, na mojawapo iliyo kubwa yaitwa glutationi. Hiyo ni kama mafuta ambayo mkulima hupaka jembe lake. Cheche zikiishinda kinga, chembe huumia.

Mwaka 2000, katika mji wa Lausanne huko Uswisi, mtaalamu Kim Do na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili uanzao mara nyingi ujanani. Katika maji yauzungukayo ubongo, glutationi ilikuwa imepungua kwa 27 katika 100. Katika upande wa mbele wa ubongo, kwa 52 katika 100. Uchunguzi uliofuata, hasa katika panya, umeonyesha kwamba chembe za namna mbili huumia upesi. Za kwanza ni zile zishikazo mwendo wa kazi ya ubongo, kama mpiga ngoma awaongozaye wachezaji: akikosea yeye, wote huchanganyikiwa. Za pili ni zile zitengenezazo utando wa mafuta unaofunika nyuzi za ubongo, kusudi habari zipite upesi.

Mabadiliko ya ubongo yameonekana hata katika picha. Mwaka 1976, huko Uingereza, daktari Eve Johnstone na wenzake walionyesha kwamba vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo vilikuwa vimepanuka kwa watu waliougua muda mrefu. Baadaye mabadiliko madogo yalionekana hata kwa wale walioanza tu kuugua. Lakini fahamuni kwamba picha peke yake haiwezi kumtambua mgonjwa. Daktari humtambua kwa kumsikiliza na kumwangalia.

Kwa nini vijana? Kwa sababu ubongo haujamaliza kujengwa mpaka miaka ipatayo 25. Wakati wa ujana hupunguza viungo visivyohitajiwa baina ya chembe zake, kama mkulima apunguzavyo matawi ya mkahawa. Kazi hiyo ikiharibika, mavuno huharibika. Tena kutu hiyo siyo sababu pekee: kuna urithi wa ukoo, shida za kuzaliwa, bangi, na mateso makubwa ya utotoni. Basi mtu asimlaumu mama wa mtoto.

Dawa ziko. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker walionyesha nguvu ya klorpromazini, na tangu hapo dawa nyingine zimefuata. Kuhusu kuiongeza ile kinga, wataalamu wa Lausanne walitangaza mwaka 2018 kwamba walijaribu dawa iitwayo asetilisisteini kwa miezi 6, katika wagonjwa 63 walio mwanzoni mwa ugonjwa. Glutationi ya ubongo iliongezeka na wepesi wa kufikiri ukaendelea kidogo, lakini kwa jumla dalili za ugonjwa hazikupungua kuliko kwa wale waliopewa dawa ya bure. Kwa hiyo msiitafute sokoni. Tumaini lipo, ila kazi haijaisha.

Sasa, wazazi, shikeni mambo matatu.

Kwanza, mtoto akijitenga, akikosa usingizi, akishindwa masomo ghafula, akisikia sauti au akidhani watu wote wanamwinda, msingoje. Kadiri ugonjwa unavyokaa bila dawa, ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Pili, msimtafute mchawi. Kanisa lenyewe laonya: tangu kitabu cha ibada cha mwaka 1614, padri ameamriwa asisadiki upesi kwamba mtu ana pepo, na sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yakataza kumpunga mtu pepo bila ruhusa maalumu ya Askofu. Mwombeeni mgonjwa kila siku, lakini dawa zake msizifiche.

Tatu, msimfunge kamba. Mafrera wa Upendo, shirika lililoanzishwa na Padri Petrus Jozef Triest huko Gent mwaka 1807, waliwafungua wagonjwa wa akili minyororo katika mji ule mwaka 1815. Hapa kwetu shirika hilohilo limewatunza wagonjwa wa namna hiyo Bukavu katika Sosame, na Goma katika Tulizo Letu. Ulizeni njia kwenye parokia au zahanati iliyo karibu.

Kijana yule sasa anameza dawa zake, analima bustani, na Jumapili huimba pamoja nasi. Hesabu hazikumrudia zote. Shangazi yake alirudi nyumbani mwaka jana tu, baada ya jamaa kwenda kumwomba radhi. Mimi nami nilimwomba kijana radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia: «Mwalimu, siku zile nilidhani hata jembe lilikuwa likinisema.» Nami nilikuwa nimemwona akisimama shambani, ameliangalia jembe lile bila kulima, nikampigia kelele.

Mwalimu wenu